Dai Namba Moja la Bwana Eliakim Wakhungu

Imeandikwa na Sellah Nanyama, mwanafunzi wa darasa la nane, kwa ombi la kamati

Jumamosi tarehe 30 Novemba 1957, Bwana Eliakim Wakhungu wa Kamukuywa anastaafu baada ya miaka ishirini na sita na mwezi mmoja akiwa mkaguzi wa Umoja wa Mafundi Wasio na Mwajiri, Kitale na Bungoma.

Neno "anastaafu" tumeliandika kwa makusudi. Mwezi wa Julai mjumbe wetu aliingia katika ofisi fulani kuuliza kama kuna utaratibu wa kumuaga mtu aliyetumikia watu muda mrefu hivyo. Karani aliuliza mwajiri wa mtu huyo ni nani. Mjumbe akasema hana. Karani akafunga faili.

"Huyo hastaafu," alisema. "Mtu asiye na mwajiri anaacha tu."

Basi tunamwarifu karani huyo, pamoja na yeyote mwenye mawazo kama yake, kwamba Bwana Wakhungu anastaafu. Viti vimeazimwa kanisani, ng'ombe amepatikana, na programu hii imepigwa chapa. Mtu anayeacha tu hachinjiwi ng'ombe.

Hata hivyo jibu la karani lilituuma, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na swali la kweli. Karani wa serikali akistaafu hupewa saa ya ukutani na malipo ya uzeeni. Bwana Wakhungu aende nyumbani na nini? Sheria haikuwa na jibu. Kanuni zetu nazo hazikuwa na jibu, na kanuni hizo alizitunga yeye mwenyewe. Wasifu huu utaeleza jinsi jibu lilivyopatikana.

Bwana Wakhungu alianza maisha ya kazi akiwa mpasua mbao. Alijifunza kwa wamisionari, na kufikia mwaka wa 1924 alikuwa na msumeno wake mwenyewe wa watu wawili. Hakuandikwa kazi na mtu. Alikwenda alikoitwa: leo shamba la Mzungu, kesho kanisa, kesho kutwa duka la Mhindi. Walipatana, akaifanya kazi, akaondoka. Katika miaka saba alipasua mbao za nyumba tisa za watu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na mkewe, Mama Dinah Nekoye, alizoea kuwaambia wanawake wenzake kisimani kwamba yeye ameolewa na mbao zinazopita njia.

Mwanzoni mwa 1931 aliamua kwamba zamu ya Mama Dinah imefika. Alinunua gogo zuri la mtarakwa kutoka mlimani, akalikokota kwa ng'ombe hadi nyumbani, akachimba shimo la kupasulia, akapiga mstari kwa uzi uliopakwa makaa, kisha yeye na mwenzake wakaanza. Siku ya pili, msumeno ukiwa umefika katikati, gogo liliteleza likambana mkono wa kulia. Vidole vitatu vilikwenda. Gogo likabaki nusu, ncha moja imepasuka kama mdomo ulio wazi, ncha nyingine nzima.

Jeraha lilipokauka, alitembea hadi Kitale kwa wakala mmoja wa bima. Alikuwa amesikia kwamba watu wa mashamba na viwanda hukatiwa bima, ili mtu akiumia watoto wake wasilale njaa. Alitaka kujua fundi kama yeye angekatiwaje.

"Mwajiri wako nani?" wakala aliuliza.

"Mimi mwenyewe, bwana."

"Nani anakuandika kazi?"

"Mwenye kazi ananiita. Ikiisha naenda kwa mwingine."

"Basi ukiumia, jiandikie barua," wakala alisema. "Ujilipe mwenyewe."

Ofisi nzima ilicheka. Bwana Wakhungu husema kwamba kicheko cha wakala hakikumsumbua, kwa sababu kucheka ilikuwa sehemu ya mshahara wake. Kilichomuuma ni kwamba hata mfagizi alicheka, naye alikuwa na kidonda mguuni.

"Nitajiandikia," alijibu, akatoka.

Kisa hiki wengi mnakijua. Msichokijua ni kwamba barua hiyo aliiandika kweli. Tutaifikia.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo mafundi saba walikutana Kitale, nyuma ya kinu cha posho, mahali ambapo kelele za mashine zilizuia wapita njia kusikiliza. Walikuwa wapasua mbao wawili, mwashi, seremala, mshona viatu, mfua vyuma na mwezekaji. Walianzisha Umoja wetu, wakaupa jina lile tulilotukanwa nalo. Mwaka uliofuata ofisi moja iliwashauri watafute jina zuri zaidi, kwa mfano Umoja wa Mafundi Watiifu. Bwana Wakhungu aliomba siku tatu za kufikiri. Siku ya nne alirudi na kibao kilichokwisha kuchongwa, chenye jina lile lile la kwanza, herufi kubwa.

Wale saba walidhani wataanza kwa kuchanga pesa. Yeye alikataa. Alisema pesa hazina mikono. Fundi akianguka, alieleza, jeraha si adui wake wa pekee. Adui wa pili ni kazi iliyobaki nusu. Mwenye nyumba humwita fundi mwingine, malipo humfuata yule mwingine, na jina nalo hufuata malipo. Mgonjwa akipona, anakuta amesahauliwa. Kwa hiyo kila mwanachama atoe siku sita za mkono wake kila mwaka. Mmoja akiumia au akiugua, wenzake waende kwa zamu kumalizia kazi yake, na malipo yote yapelekwe nyumbani kwa mgonjwa. Hiyo ndiyo bima yetu hadi leo.

Kanuni mbili nyingine zilifuata. Ya kwanza, anayemalizia kazi afuate mstari wa aliyeianza, hata kama yeye anajua mstari bora. Ya pili Bwana Wakhungu huisema akiwa amesimama: "Ukimaliza kazi ya mwenzako, unasahau njia ya kwenda kwa mteja wake."

Kazi ya mkaguzi ni kwenda mwenyewe. Habari ya ajali ikimfikia, Bwana Wakhungu alipanda baiskeli yake, iwe ni Sirisia au Kitale, na Kapsokwony aliisukuma kwa mkono kwa sababu mlima ule hauna huruma kwa baiskeli. Alifika, akasalimu kwa "mulembe," akanywa maji, kisha akasema, "Haya, nionyeshe." Aliangalia mambo mawili: mwili ulioumia na kazi iliyobaki. Aliandika yote kwa mkono wa kushoto, ambao aliufundisha kuandika akiwa mtu mzima, akikaa jioni na watoto wake watatu kwenye ubao mmoja wa kuandikia. Mdogo wao alimshinda kwa mwaka mzima.

Wale walioweza kutembea walikuja wenyewe kwake Kamukuywa. Waliketi juu ya lile gogo lililobaki nusu, ambalo lilikuwa limekuwa benchi la wagonjwa, na Mama Dinah akawaletea mahindi ya kuchoma. Mahindi hayo yana sifa. Seremala mmoja, ambaye hatutamtaja kwa kuwa leo atakaa mstari wa mbele, alikuja mwaka wa 1936 akiwa amefungwa mkono hadi begani, akilia kwamba hawezi hata kushika kijiko. Mahindi yalipokuja, njaa ilimshinda. Aliyapukuchua kwa mikono yote miwili hadi punje ya mwisho.

"Mkono umepona," Bwana Wakhungu alimwambia. "Si mchezo, mahindi ya mama ni dawa."

Hakumfukuza. Alimpa siku sita za kwenda kumwezekea mjane mmoja paa la jiko, na seremala akaenda.

Lakini mkaguzi naye amewahi kukosea, na yeye ndiye aliyetuagiza tusifiche. Mwaka wa 1938 mwezekaji mmoja wa hapa Kamukuywa alianguka kutoka juu ya nyumba ya Mzee Khaemba akavunjika mguu. Bwana Wakhungu alimtuma Kimeli, kijana wa Kapsokwony mwenye mikono hodari, amalizie paa. Kimeli aliezeka vizuri hata watu wakasimama barabarani kutazama. Alipomaliza alikusanya kamba zake akarudi mlimani.

Hakuweka sisuli. Kwao mlimani hakukuwa na desturi hiyo, na hakuna aliyemwambia kwamba hapa kwetu kile kijiti cha kileleni ndicho kinachosema mwenye nyumba yu hai. Mwanamume akifa, sisuli huondolewa. Asubuhi iliyofuata dada ya Mzee Khaemba alikuwa akitoka Sirisia kuja kumsalimu. Aliiona nyumba mpya akiwa ng'ambo ya bonde, akaona kilele kitupu, akaanza kupiga mayowe hapo hapo. Majirani walimsikia, wakayapokea. Saa sita mchana Mzee Khaemba alirudi kutoka malishoni akakuta uwanja umejaa watu wanaolia na ndizi za matanga zimeshafika.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Ni wewe," alijibu jirani mmoja, akiendelea kulia.

"Ati mimi? Na nani amekula ndizi za matanga yangu kabla yangu?"

Wazee walitaka Kimeli atozwe mbuzi. Bwana Wakhungu alikwenda mbele yao akavua kofia. "Kosa si la huyu," alisema. "Mimi nilimtuma nikamwambia amalizie paa. Sikumwuliza mwenye nyumba paa lake linaishia wapi." Mbuzi alimtoa yeye. Tangu siku hiyo mkaguzi ana wajibu wa kumwuliza mwenye kazi: "Ukiiona vipi utajua imekwisha?" Bwana Kimeli, ambaye sasa ni mjumbe wa kamati na ana mvi, bado hutambulishwa mikutanoni kuwa mtu aliyemuua Mzee Khaemba bila kumgusa. Mzee mwenyewe aliishi miaka kumi na mitatu zaidi, na alikuwa wa kwanza kukisimulia kisa hicho.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, mwashi mmoja wa Bungoma alirudi kutoka jeshini na mguu mbovu. Alikuwa ameacha nyumba ya mteja nusu mwaka wa 1940, siku alipochukuliwa. Aliona aibu kuja. Alipokuja hatimaye, baadhi ya wanachama walisema dai lake limechelewa miaka mitano, na kwamba bima zote duniani zina mwisho wa siku za kudai. Bwana Wakhungu aliwasikiliza hadi wakachoka.

"Dai halizeeki," alisema. "Mwenye dai ndiye anayezeeka. Andika."

Ikaandikwa, ikawa kanuni ya tano. Wasomaji waikumbuke kanuni hiyo.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka wa 1949. Ilisemekana kwamba sasa wafanyakazi wakiumia kazini watalipwa fidia, na fomu zilitolewa. Mstari wa tatu wa fomu uliuliza jina la mwajiri. Sisi hatukuwa nalo. Ndipo mkulima mmoja Mzungu wa karibu na Kitale, mtu mpole kwa kweli, akajitolea kuandika jina lake katika fomu zetu zote. Tungekuwa watu wake kwa karatasi tu, na kampuni yake ya bima ingetukinga.

Mkutano wa siku hiyo wazazi wetu wanausimulia kama mechi. Wapo waliotaka sana, na hawakuwa wajinga. Walikuwa na watoto. Mmoja alisimama akasema jina la mtu halimchubui mtu ngozi. Bi Jepkosgei, mshonaji wa Kitale na mwanamke wa kwanza kuingia katika Umoja, alimjibu bila kusimama, kwa kuwa alikuwa na nguo ya mteja magotini: "Cherehani ni yangu. Sindano ni yangu. Hata kidole kinachodungwa ni changu. Sasa jina liwe la nani?"

Bwana Wakhungu alisema mwisho. "Tukivunjika, bwana huyu atatulipa. Nakubali, ni mtu mwema. Tukiwa wazima atatuita nini?"

Sauti moja ilitoka nyuma: "Boi."

Watu walicheka. Kisha kicheko kikaisha, na kura ikapigwa. Watu tisa walikubali ombi la mkulima, hamsini na mbili wakalikataa. Bwana Wakhungu alizichukua fomu sitini na moja, na katika kila moja, mahali pa jina la mwajiri, akaandika jina la fundi mwenyewe. Zilirudishwa. Akazipeleka tena. Zilirudishwa zikiwa na alama nyekundu. Akazipeleka tena, safi, zimenakiliwa upya kwa mkono wa kushoto. Mara hiyo ya tatu hazikurudi, wala jibu halikuja. Ofisi ilichoka kabla yake.

Hatutadanganya kwamba tulishinda. Hadi leo sheria haitujui. Sisi tunajuana.

Miaka ya hivi karibuni, mikutano ilipohitaji kibali na kibali kikawa hakipatikani, kulikuwa na watu waliongoja Umoja ufe. Bwana Wakhungu alisoma amri ya serikali mara mbili akagundua kwamba imekataza kukutana lakini haikukataza kufanya kazi. Basi mafundi walikutana kazini. Ajenda zilijadiliwa juu ya mapaa na ndani ya misingi. Askari aliyepita aliona watu kumi na wawili wanajenga ukuta mmoja mdogo, akasema Waafrika kweli wanapenda kusaidiana.

Mwaka wa 1951, huko Sirisia, mchimba visima aitwaye Absalom Mukhisa aliangukiwa na mawe akiwa ndani ya kisima cha futi arobaini. Mbavu zilivunjika. Kisima kilikuwa bado kikavu, na patano lilisema hakuna maji, hakuna malipo. Bwana Wakhungu alifika kesho yake, amelowa mvua hadi kofia. Mwalimu wetu ametuonya tusitumie neno kubwa mahali ambapo neno dogo linatosha. Neno dogo ni hili: walikuja. Watu kumi na mmoja walikuja kwa zamu, wengine hawakuwa wachimbaji hata kidogo, na mshona viatu mmoja aliingia kisimani akiwa amefumba macho kwa hofu. Siku ya kumi na tisa maji yalitoka. Malipo yote yaliletwa nyumbani, na binti ya Absalom hakuacha shule. Ndiye anayeandika maneno haya.

Kwa jumla Bwana Wakhungu amekagua madai mia nne na kumi na saba. Alikataa ishirini na matatu. Moja kati ya hayo alilikataa kimakosa, la mfua vyuma ambaye ugonjwa wake ulikuwa wa kifua na haukuonekana kwa nje. Alipojua, alikwenda kwake kwa miguu kuomba radhi, akatoa siku zake mwenyewe sita akivuta mivukuto kwa vidole viwili.

Sasa macho yake yamefifia. Baiskeli amempa mwanawe. Mwezi wa Agosti, katika mkutano mkuu, Bwana Kimeli alipendekeza Umoja umpe Bwana Wakhungu siku za mikono kwa ajili ya uzee wake. Watu walipiga makofi. Yeye alinyanyua ule mkono wenye vidole viwili.

"Uzee si jeraha," alisema. "Someni kanuni. Bima ni ya kazi iliyokatika katikati. Mimi kazi yangu imekwisha. Mkivunja kanuni leo kwa ajili yangu, kesho mtaivunja kwa ajili ya shemeji yenu."

"Lakini Mzee, utaenda na nini?" Bi Jepkosgei aliuliza.

"Nitaenda na miguu. Nilikuja nayo."

Watu walicheka, lakini walirudi nyumbani na uzito. Kwa kanuni alikuwa na haki. Ilionekana kwamba karani na Bwana Wakhungu wamekubaliana, kila mmoja kwa sababu zake: mtu huyu ataacha tu.

Mwezi wa Septemba mchwa waliingia katika sanduku la vitabu vya Umoja, na kamati ikaagiza vinakiliwe. Kazi hiyo ilipewa mwanafunzi, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Kitabu cha kwanza cha madai kina jambo la ajabu. Kinaanza na namba mbili. Ukurasa wa kwanza una mistari iliyopigwa vizuri kwa rula, lakini ni mtupu.

Mama Dinah aliulizwa namba moja iko wapi. Alikuwa akipepeta maharagwe, wala hakuacha.

"Liulize gogo," alisema. Halafu akaongeza, "Tazama ndani ya jalada, mwanangu. Mimi nilimwambia asiifiche. Alisema mtu hakagui dai lake mwenyewe, na wakati ule hapakuwa na mkaguzi mwingine."

Ndani ya jalada, chini ya karatasi iliyogandishwa kwa uji, kulikuwa na barua. Herufi zake zimelala kama ua lililokanyagwa na ng'ombe, kwa kuwa ni za mkono ambao ulikuwa haujajua kuandika. Hii hapa, neno kwa neno:

*Kamukuywa, 9 Mei 1931. Kwa Bwana Eliakim Wakhungu. Bwana, nimeumia mkono wa kulia. Gogo langu limebaki nusu. Naomba watu wawili wenye msumeno, kwa siku nne tu, ili mke wangu apate nyumba. Nitashukuru nikijibiwa upesi. Ni mimi wako, Eliakim Wakhungu.*

Kamati ilikaa bila yeye mara mbili. Bwana Wakhungu hataweza kuisoma programu hii kwa sababu ya macho. Atasomewa na Mama Dinah, ambaye amelijua jambo hili tangu mwanzo na ameapa kusoma polepole. Kwa hiyo sehemu iliyobaki si wasifu tena. Ni jibu.

*Kamukuywa, 30 Novemba 1957.*

*Kwa Bwana Eliakim Wakhungu.*

*Bwana,*

*Barua yako ya tarehe 9 Mei 1931 tumeipokea. Tunaomba radhi kwa kuchelewa kuijibu.*

*Dai lako limeandikwa katika kitabu cha kwanza, mahali ulipoliachia nafasi, nalo ni Dai Namba Moja. Limekaguliwa na Bwana Kimeli na Bi Jepkosgei. Kuhusu mkono, wametazama na kuridhika kwamba vidole vitatu havipo. Kuhusu kazi, walilipima gogo Jumapili mbili zilizopita ulipokuwa kanisani. Ni zima. Limekaliwa na watu wengi wenye maumivu na halikuoza. Upande wa chini, ambako mvua haifiki, mstari wako wa makaa bado unaonekana. Msumeno utaingia pale pale ulipokwama na utafuata mstari wako.*

*Tunajua utasema nini. Utasema uzee si jeraha. Kweli, na hapa hakuna aliyetaja uzee. Hili ni dai la mkono. Utasema limechelewa. Soma kanuni ya tano, Bwana, unamjua aliyeitunga. Utasema kazi yako imekwisha. Tulimwuliza mwenye nyumba, kama ulivyotufundisha, akiiona vipi atajua imekwisha. Mama Dinah alijibu kwamba atajua siku atakapofunga mlango wa mbao kwa ndani.*

*Uliomba watu wawili kwa siku nne. Wataanza Jumatatu asubuhi. Lakini kazi uliyoianza haikuwa gogo, ilikuwa nyumba. Basi baada yao watakuja waashi, kisha maseremala, na yule wa mstari wa mbele ameomba atengeneze mlango kwa mikono yake yote miwili. Wanachama sabini na wanane wametoa siku zao. Bwana Kimeli ataezeka. Sisuli ameshaichonga, na wiki hii yote amelala nayo kitandani asije akaisahau.*

*Kama una malalamiko, mkaguzi mpya ni Bi Jepkosgei. Atakukaribisha uketi juu ya gogo, ikiwa utalikuta.*

*Asante kwa kila mlima uliosukuma baiskeli. Asante kwa fomu sitini na moja. Tunakuombea siku nyingi na nzuri pamoja na Mama Dinah, chini ya mbao ambazo safari hii hazipiti njia. Sisuli yako na isimame.*

*Ni sisi wako,*

*Wasio na Mwajiri.*